Mlimani Klachi Nayo Ni Breki

Gari linalotoka Voi kwenda Werugha hupanda zaidi ya mita 1,000 kabla ya kufika. Kutoka Voi hadi Mwatate, mwendo usiofika kilomita 30, ni nyika tupu, na dereva anaweza kwenda kitambo kirefu bila kugusa gia. Baada ya Mwatate mambo hugeuka. Barabara huanza kujipinda kuelekea Wundanyi, kona juu ya kona, na ukishapita Wundanyi bado kuna kupanda hadi Werugha na Mgange, katika milima ya Taita ambayo kilele chake cha juu kabisa, Vuria, kinafika kiasi cha mita 2,200. Dereva wa gari la gia za mkono hukanyaga klachi karibu kila kona. Akirudi bondeni na kabeji, nyanya na abiria, kazi huwa ileile, ila safari hii uzito wote uko nyuma yake unamsukuma. Wenye magari wengi huiona klachi kuwa chombo cha kubadilishia gia tu, tena cha kushughulikiwa pesa zikipatikana. Nashikilia kwamba kwa barabara ya namna hii klachi ni sehemu ya breki, na kwamba paipu inayopitisha mafuta yake ikiharibika, ibadilishwe kwa makini yaleyale tunayoyadai kwa paipu ya breki.

Tuanze na jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Magari ya zamani mengi yalivuta klachi kwa waya. Toyota Hiace, Hilux na Land Cruiser zenye gia za mkono, ambazo ndizo zinazobeba watu na mizigo katika milima ya Taita, hutumia mafuta. Pedali ikikanyagwa inasukuma pistoni ndani ya silinda ndogo iliyofungwa nyuma ya boneti, ambayo mafundi wetu huiita klachi masta ya juu. Mafuta yanasukumwa kupitia paipu nyembamba ya chuma, kisha kupitia kipande cha mpira, hadi kwenye klachi masta ya chini iliyo ubavuni mwa gia boksi. Hiyo nayo inasukuma mkono wa chuma, mkono unasukuma beringi, na beringi inaachanisha injini na gia boksi. Kipande kile cha mpira kipo kwa sababu injini hutikisika juu ya mipira yake ilhali mwili wa gari umetulia. Paipu ya chuma tupu kutoka mwanzo hadi mwisho ingekatika. Mtambo mzima unategemea jambo alilolieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, kwamba ukisukuma kimiminika kilichofungiwa, shinikizo husambaa sawasawa kila upande. Penye tundu, hata dogo, shinikizo hilo hupotea.

Na shinikizo lenyewe si dogo. Chukua mfano wa kawaida: mguu unakanyaga kwa nguvu ya kilo 12, na pedali kwa urefu wake inaizidisha nguvu hiyo mara 6. Hizo ni kilo 72 zinazosukuma pistoni yenye eneo la sentimita mbili za mraba hivi. Ndani ya paipu hupatikana kilo 36 kwa kila sentimita ya mraba. Tairi la gari dogo lina kiasi cha 2.2. Yaani paipu ya klachi, nyembamba kama kalamu, hubeba shinikizo la zaidi ya mara 15 ya lile la tairi, na hubeba hivyo kila dereva anapobadilisha gia. Sasa tazama upande wa pili wa hesabu. Pistoni hiyo ikienda sentimita tatu, mafuta yanayosogea ni mililita 6, kijiko kimoja cha chai na ziada kidogo. Kijiko hicho ndicho kinachofanya kazi yote. Ukipoteza mililita moja katika mkanyago huo, ambayo ni kama matone 20, umepoteza sehemu moja kwa sita ya mwendo wa pistoni ya chini, na klachi haiachii tena sawasawa. Ndiyo maana hoja ya kwamba inavuja kidogo tu haina uzito hapa. Kiasi chenyewe kinachofanya kazi ni kidogo, kwa hiyo kinachovuja kidogo ni kingi.

Hewa inaleta madhara yaleyale kwa njia nyingine. Mafuta hayabonyei, hewa inabonyea. Paipu iliyopasuka hutoa mafuta mguu ukikanyaga na huweza kunyonya hewa mguu ukiinuka. Pedali inaanza kuwa laini, dereva anazoea kuipampu mara mbili tatu kabla ya kuingiza gia, na kwa kuwa gari bado linatembea, wiki zinapita.

Kinachotokea siku mafuta yanapokwisha kinategemea gari liko wapi. Likiwa tambarare pale Voi, dereva anazima injini na kusukuma gari pembeni. Likiwa linateremka kutoka Werugha, hadithi ni nyingine. Kila dereva wa mlimani anajua kwamba mteremko mrefu hauteremkwi kwa breki peke yake. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kupoteza mshiko, na moto huo ukifikia mafuta ya breki yaliyokwisha kunyonya maji, mafuta yanachemka na pedali inazama. Kinga yake ni gia ya chini, injini yenyewe ishikilie gari. Lakini ili kuingia gia ya chini lazima klachi iachie. Dereva anachomoa gia ya nne, na kuchomoa ni rahisi hata klachi ikiwa mbovu. Anataka kuingiza ya pili, inakataa, inasaga meno. Kuirudisha ya nne nako inakataa. Kwa muda huo gari halina gia yoyote, linateremka na uzito wake wote, na kilichobaki ni breki ambazo tayari zimeshapata moto. Hapo ndipo kipande cha paipu kinapoingia katika hesabu ya maisha ya watu. Wakati wa kupanda hatari hiyo hugeuka upande: gia inakataa kuingia, gari linasimama, kisha linaanza kurudi nyuma huku nyuma yake kuna kona aliyokwisha kuipita.

Wapo watakaosema kwamba gari haliachi kusimama kwa sababu ya klachi, na kwamba dereva akishika breki kwa nguvu injini itazimika na gari litasimama. Ni kweli, na iwapo gia imo ndani, hilo ndilo la kufanya. Lakini injini inapozimika, kile kifaa kinachoipa pedali ya breki nguvu ya ziada nacho hakipati tena mvuto wake, na akiba iliyobaki inatosha kukanyaga mara chache tu. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu na inahitaji mguu wenye nguvu kweli. Usukani nao unakuwa mzito katika magari mengi. Katika barabara iliyonyooka hayo ni usumbufu. Kwenye kona ya kwenda Mwatate, gari likiwa limejaa, usumbufu huo unatosha kulitoa gari barabarani. Wengine watasema madereva wenye uzoefu hubadilisha gia bila klachi, kwa kulinganisha mwendo wa injini na wa gia. Wapo kweli, na ujuzi wao naustahi. Lakini ujuzi huo huhitaji utulivu na wakati, na gari linaloteremka bila gia halimpi mtu hata kimoja kati ya hivyo viwili. Usalama wa abiria haufai kujengwa juu ya kitu ambacho dereva mmoja anacho na mwenzake hana.

Hoja ya tatu ni kwamba siku hizi magari mengi ni ya otomatiki, hayana pedali ya klachi, basi jambo hili litakwisha lenyewe. Halitakwisha karibuni. Magari ya abiria na ya mizigo ya mlimani mengi bado ni ya gia za mkono, na umri wake ni mkubwa. Kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, huzuia kuingizwa nchini kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na magari mengi huletwa yakiwa karibu na ukomo huo. Maana yake ni kwamba kipande cha mpira cha klachi kinaweza kuwa na miaka 7 siku gari linaposhushwa bandarini Mombasa, kisha kikaanza maisha mapya ya vumbi la Voi, matope ya mlimani kati ya Machi na Mei na tena mwisho wa mwaka, na mawe yanayorushwa na matairi. Mpira hupasuka nyufa nyufa pale ulipobanwa na chuma. Paipu ya chuma hushika kutu kwa nje palipotoka rangi, na pia kwa ndani, kwa sababu mafuta ya breki, ambayo ndiyo hutumika kwenye klachi, hunyonya maji kutoka hewani. Kipimo cha DOT cha Marekani kinalionyesha wazi jambo hilo: mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakinyonya maji kufikia asilimia 3.7 kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Watengenezaji wengi hushauri mafuta haya yabadilishwe kila baada ya miaka miwili. Ya breki hukumbukwa mara mojamoja. Ya klachi husahaulika kabisa mpaka yawe meusi.

Uharibifu mwingine hauonekani kwa nje. Mpira unaweza kuvimba ndani hadi njia ya mafuta ikaziba nusu. Hapo hakuna tone chini ya gari, tanki la mafuta ya klachi limejaa, lakini pedali inarudi polepole na klachi haishiki upesi. Mara nyingi lawama huangukia klachi pleti, gia boksi inashushwa, pleti mpya inafungwa, na ugonjwa unabaki palepale. Kabla ya kukubali gia boksi ishushwe, mwenye gari amwombe fundi akague paipu kwanza: apanguse viungo vyote kwa kitambaa kikavu, mtu akanyage pedali mara kadhaa, kisha atazame ni wapi panapolowa. Aangalie pia chini ya zulia mbele ya dereva, kwa maana masta ya juu ikivuja hutiririsha mafuta ndani, kwenye pedali.

Tufike sasa kwenye viraka, kwa kuwa hapo ndipo mabishano yalipo. Kiraka kinachojulikana sana ni kukata sehemu iliyopasuka na kuvisha mpira wa petroli, ukabanwa kwa klipu mbili. Mpira wa petroli umetengenezwa kuvumilia petroli, tena yenye shinikizo dogo. Mafuta ya breki ni kemikali ya aina nyingine. Huufanya mpira huo uvimbe na kulainika, na vipande vyake huweza kusafiri hadi kwenye silinda. Kiraka cha pili ni paipu ya shaba ya friji iliyounganishwa kwa viungo vya mabomba ya maji. Shaba tupu ikitikiswa kwa muda mrefu huwa ngumu, kisha hupasuka, na kiungo cha bomba hakikukusudiwa kwa shinikizo linalopanda na kushuka mara mamia kwa siku. Kibaya kupita vyote ni kutia mafuta ya injini au ya usukani pale mafuta ya breki yanapokosekana. Mipira ya ndani ya masta zote mbili huvimba na kuharibika, na kazi iliyokuwa ya paipu moja inageuka kuwa ya mtambo mzima. Upo uungaji mmoja ninaoukubali: ikiwa sehemu ndogo tu ya paipu ya chuma imeharibika na sehemu nyingine ni nzima, inaweza kukatwa na kuunganishwa kwa kipande kipya chenye ncha zilizopanuliwa sawasawa na nati zake halisi. Hiyo ni kazi ya kiwango kilekile cha paipu nzima, na anayeweza kuifanya vizuri anaweza pia kutengeneza paipu nzima.

Kutengeneza paipu nzima si uchawi, ila hakutaki haraka. Nati za zamani hulowekwa kwanza kwa mafuta ya kulegeza kutu, na hufunguliwa kwa spana maalumu inayoishika nati karibu pande zote sita, maana spana ya kawaida huzila pembe zake na kazi ya nusu saa ikawa ya siku nzima. Matundu huzibwa mara moja ili vumbi lisiingie. Paipu mpya ya chuma, au ile ya shaba iliyochanganywa na nikeli ambayo Volvo ilianza kuitumia katika miaka ya 1970 kwa sababu haishiki kutu, hukatwa kwa kikataji cha kuzungusha. Msumeno huacha chenga ndani, na chenga moja inatosha kuukwaruza mpira wa pistoni. Kisha nati huvishwa kabla ya kupanua ncha. Nalisisitiza hili kwa sababu nati iliyosahaulika huwa na maana ya kukata ncha na kuanza upya. Umbo la ncha nalo lina aina zake: magari ya Japani kwa kawaida hutaka ncha iliyokunjwa mara mbili kama faneli, mengi ya Ulaya hutaka iliyotuna kama kiputo, na moja haishiki mahali pa nyingine hata ukaze vipi. Paipu hupindwa taratibu bila kuvunjika mgongo, hufuata njia ileile ya zamani mbali na ekzosi, na hurudishwa kwenye vishikizo vyote. Kishikizo kilichoachwa kwa sababu skurubu imepotea ndicho kitakachoifanya paipu mpya isugue chuma na kutoboka. Nati huanza kuingizwa kwa vidole. Spana ni ya mwisho. Na kama kipande cha mpira ni cha umri mmoja na paipu iliyoharibika, kibadilishwe hapohapo.

Hubaki kutoa hewa. Mafuta mapya hutoka kwenye kopo lililokuwa limefungwa, si chupa iliyokaa wazi rafuni. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani huvishwa kwenye skurubu ya kutolea hewa ya masta ya chini, ncha yake ikazama ndani ya mafuta kidogo chupani. Mmoja anakanyaga pedali polepole na kuishikilia, mwingine anafungua, viputo vinatoka, anafunga, ndipo pedali inaachwa iinuke. Ikiinuliwa kabla skurubu haijafungwa, hewa huweza kurudi. Tanki la juu huangaliwa kila mara lisikauke. Kazi imekwisha pale viputo vinapokoma, pedali ikashika mapema, na gia ya rivasi ikaingia bila kusaga injini ikiwa imewashwa; kisha pedali ishikiliwe chini dakika chache huku viungo vikikaguliwa tena. Mafuta yaliyomwagika yaoshwe kwa maji kwa sababu hubabua rangi ya gari, na yale machafu yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda. Ni sumu, na mtoto hajui.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la umbali na pesa. Gari limekwama Werugha, duka kubwa la spea liko Voi, pengine paipu yenyewe inapatikana Mombasa, kiasi cha kilomita 150 zaidi, na mboga zimeshafungwa magunia. Ukata huo upo, na anayeukemea bila kuuelewa hawasaidii watu. Lakini angalia kinachohitajika kusafiri. Gari halihitaji kwenda Voi. Paipu ndiyo inayohitaji kwenda. Ifunguliwe, matundu yazibwe, ipelekwe kwa matatu ikiwa sampuli, itengenezwe nakala yake na fundi mwenye kifaa cha kupanulia ncha, irudi siku hiyohiyo au kesho yake. Mboga zipakiwe kwenye gari jingine. Hasara ya siku moja ipo, lakini ni ndogo kuliko ya kushusha gia boksi kwa sababu ya meno yaliyosagwa na dereva aliyelazimisha gia wiki tatu. Kuhusu wanaosema kiraka cha fulani kimekaa mwaka mzima bila tatizo, swali ni moja tu: kilikaa kwenye gari la njia gani? Kiraka kinachodumu katika mji tambarare hakijajaribiwa kwa mzigo wa mteremko.

Lawama zote zisimwangukie fundi wa jua kali. Mara nyingi anajua kinachotakiwa, ila mteja anataka gari litoke jioni, na kifaa cha kupanulia ncha hana. Hapo kuna jambo linalowezekana kufanywa bila kungoja bajeti kubwa. Mamlaka ya mafunzo ya viwanda, NITA, huwapima mafundi wa magari kwa daraja tatu, kuanzia la III hadi la I, na Voi kuna Coast Institute of Technology. Fundi aliyejifunza gereji na hajawahi kukaa darasani anaweza kupimwa na kupata cheti chake. Vyama vya matatu vya mlimani, ambavyo tayari hukusanya fedha za wanachama, vinaweza kununua kifaa kimoja cha kupanulia ncha, kikataji kimoja na spana za nati za paipu, vikaviweka Wundanyi kwa matumizi ya mafundi wanaoaminika. Ukaguzi wa magari ya abiria wa kila mwaka unasaidia, lakini hauwezi kuona ufa uliotokea mwezi mmoja baadaye.

Kwa hiyo, mwenye gari, fungua boneti asubuhi kabla ya safari na utazame tanki la klachi kama unavyotazama la breki. Katika magari kadhaa ya Ulaya klachi na breki hunywa kutoka tanki moja. Kiwango kikiwa kimeshuka, usiongeze tu ukaondoka. Tafuta kilikokwenda. Paipu ikiwa imepasuka, dai ibadilishwe, lipia spea sahihi, na usimpe dereva gari hilo ateremke nalo kutoka Werugha kabla kazi haijakamilika.